Mvinyo Mwekundu wa Kibaoni na Pua ya Mzee Otmari

Nyinyi vijana wa mahoteli na mabaa ya Ifakara, mnaoshika chupa kwa shingo kama mnapeleka kuku sokoni, haya nayaandika kwa ajili yenu. Mmenisumbua muda mrefu: Bibi, ulijuaje mvinyo upi ununuliwe na upi uachwe? Bibi, mbona wageni wenu walikuwa wanarudi? Sasa nimeacha kazi. Magoti yamegoma, muda ninao. Nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Na anayetaka kujua nilipandishwa cheo mara ngapi akaulize kwingine. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikamaliza nikiwa mnunuzi wa stoo. Inatosha.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye nyumba ya wageni ya Mama Sesilia pale Kibaoni. Nilitoka Uchindile na mtoto mgongoni, Desi, ndiyo maana wote waliniita Mama Desi. Kwetu mlimani kinywaji ni ulanzi, maji ya mwanzi: asubuhi mtamu, jioni umeshakuwa mkali. Mvinyo nilikuwa nimeuona kwa padre tu, tena kwa mbali.

Siku ya kwanza nilipewa glasi za mvinyo nioshe. Nikaosha, nikafuta, nikapanga. Akaja Mzee Otmari, msimamizi wa stoo na meza, akainua moja, akaisogeza puani.

"Kambale," akasema, akairudisha kwenye beseni.

Nikaosha tena. Akanusa. "Kambale huyu ana ndugu. Osha."

Nikaosha kwa hasira na sabuni tele. Akanusa. "Haya, kambale kaondoka. Sasa nimebaki na sabuni. Mgeni wangu anywe povu?"

Nikamwambia, "Mzee, kwetu Uchindile tunakunywa kwenye kibuyu, na hakuna anayenusa kibuyu."

"Ndiyo maana mkilewa hamjui mmelewa nini. Maji ya moto matupu, binti. Na kitambaa cha glasi kisiguse sufuria mpaka unakufa."

Hilo ndilo somo la kwanza, lichukueni. Glasi chafu inaharibu mvinyo wa nchi yoyote ile.

Mzee Otmari alikuwa Mndamba wa Kivukoni. Ujana wake wote aliwapikia mapadre wa Kizungu, nao walimfundisha mvinyo kwa sababu hawakutaka kunywa peke yao. Suruali yake ilinyooshwa ikasimama kama mlango. Viatu havikuwa na kamba. Kamba alizifungia dirisha la stoo. Vifaa vyake vilikuwa vichache: kizibuo chenye mpini wa mbao, kitambaa cheupe cha kutazamia rangi ya mvinyo, na makasha yaliyojaa maganda ya mpunga kutoka mashineni. Chupa zililala humo kama mayai. Maganda yawe makavu. Mimi niliwahi kuyamwagia maji nikidhani nayapoza, kesho yake yakawa na joto la kuangulia vifaranga.

Mvinyo ulikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Katoni ikishushwa stesheni inamngoja mwenyewe juani, na jua la Ifakara mnalijua. Kwa hiyo Mzee alikagua kila chupa kabla ya kuipokea. Pitisha kidole gumba mdomoni mwa chupa, juu ya ile karatasi inayofunika kizibo. Ukikuta kizibo kimepanda juu, mvinyo umepikwa njiani. Itazame shingoni: mvinyo ukiwa umeshuka hadi mabegani, hewa imeingia. Ipapase: ikinata, imevuja. Mambo hayo hayahitaji kusoma Kifaransa.

Kisha tazama mwaka. Wageni wengine walitusifia mvinyo wa zamani. Wa zamani ni mzuri ukilala kwenye shimo la baridi, si ukilala Ifakara. Kwa joto letu, chukua wa karibuni. Na usinunue kioo. Kuna chupa nzito kama mchi, tako lake limeingia ndani mpaka unaweza kuficha ngumi, na mbele ina picha ya jumba la kifalme. Hilo jumba hulali ndani yake, na kioo hakinyweki.

Biashara ilipofunguliwa zikaanza kutufikia chupa za kila upande. Mzee alinipitisha nchi moja moja, tukionja kidogo na kutema kwenye ndoo. Wa Ufaransa wa bei ya chini ulikuwa maji ya rangi. Hela ilikuwa imeishia kwenye jina. Wa Chile haukuwa na jina huku kwetu, ikabidi watu wa Chile waweke mvinyo ndani ya chupa. Wa Afrika Kusini ulipoanza kuja ulikuwa na moshi kidogo, ukipewa nyama ya kuchoma unafurahi. Wa Ureno na wa Hispania unakausha ulimi kama ganda la ndizi mbichi, lakini uweke karibu na mchuzi wa ng'ombe mzee utulie. Wa Dodoma nao tuliuweka. Mwaka mmoja laini, mwaka mwingine unapiga teke, ukipata mzuri hauna haya mbele ya wageni. Ukitaka thamani ya hela yako, mtafute anayetafuta jina. Aliyekwisha kulipata anakuuzia hilo jina.

Alikuwapo Masanja, Msukuma aliyetuletea ng'ombe wa kuchinja. Akishapokelewa mzigo huketi barazani, anaagiza mvinyo mwekundu, anautia soda nyeusi. Siku moja nikasonya.

"Mama Desi," akaniita Masanja, "mbona unanitazama kama nimetia mchanga kwenye maziwa?"

Mzee Otmari akanivuta jikoni. "Ngosha yule amelipia mvinyo. Hajakuajiri uwe mama yake. Mchagulie wenye nguvu, usimezwe na soda." Tangu siku ile Masanja alipewa wa Chile, na hakuwahi kulalamika.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Msimu mmoja wa masika, Mzee Otmari alikuwa anatoka stesheni na katoni nyuma ya baiskeli. Barabara ilikuwa uji mtupu. Baiskeli ikateleza, akaangukia kisogo. Chupa zilisalimika zote, aliyepasuka ni yeye. Alilazwa, tukampelekea uji na samaki kwa zamu, akarudi na kovu nyuma ya kichwa na suruali imenyooshwa vilevile. Tukafurahi sana.

Kisha asubuhi moja maziwa yakashika chini ya sufuria. Jiko zima likanuka, hata wageni wakachungulia. Mzee alikuwa amesimama palepale pembeni, anahesabu vijiko huku anaimba. Tukatazamana.

Baada ya hapo yakaja ya mvinyo. Alifungua chupa mbele ya daktari mmoja mgeni, akanusa kizibo, akafumba macho kama kawaida yake, akasema, "Safi." Nikapita na trei. Harufu ya siki ilinipiga kutoka mbali.

Hakuna aliyesema neno. Mnajua tulivyolelewa. Mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi, jioni utamwambiaje kwamba amemnywesha mgeni siki? Basi tukamlinda. Mpishi alichukua chupa mbovu akazimalizia kwenye mchuzi. Mhudumu alibadilisha chupa mlangoni. Mama Sesilia mwenyewe, ambaye huyo mzee alimbeba mgongoni akiwa mtoto, akawa anapita nyuma yake kuonja kila kilichofunguliwa, kisha anasingizia kwamba mgeni amebadili mawazo. Nyumba nzima tukawa na kazi mbili: kuhudumia wageni, na kumficha Mzee habari zake mwenyewe.

Mama Sesilia akaniita siku moja kule nyuma tunakoanikia mashuka.

"Mama Desi, Rashidi wa Dar anakuja kutuonjesha mvinyo wa mwaka mzima. Mzee hawezi tena. Tukinunua vibaya, wageni watahamia kwingine."

"Sasa?"

"Nimeamua tumpumzishe. Tutamfanyia sherehe. Nitampa mbuzi na godoro."

"Na sababu utamwambia ipi?"

"Nitasema umri."

"Umri wake unaujua tangu unabebwa, Mama."

Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Ningemwambiaje? Yule ni baba yangu wa pili. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia."

"Mwambie basi," akasema, akacheka, kwa sababu alijua hakuna atakayethubutu.

Hakunijua vizuri. Niliona ni ubaya mkubwa kumpa mtu mbuzi na kumnyima sababu. Angekaa Kivukoni miaka yake yote iliyobaki akijiuliza alitukosea nini.

Mchana ule nikamkuta stoo, amefungua chupa ya wageni wa chakula cha mchana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Si tulisalimiana asubuhi? Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Huo mvinyo umeharibika, Mzee. Husikii harufu."

Aliitazama chupa, hakunitazama mimi. "Unanuka nini?"

"Siki."

Akanusa tena, kwa nguvu, mpaka pua ikagusa mdomo wa chupa. Akaiweka chini taratibu. "Nani mwingine anajua?"

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotoka hospitali."

"Na Sesilia?"

"Naye."

Akaketi juu ya katoni. "Nilijua pua imekufa," akasema. "Nilidhani mimi ndiye ninayewaficha. Kila siku najifunga aproni, naomba Mungu nisigundulike. Kumbe mimi natembea na suruali iliyochanika makalioni, miezi yote hii, nanyi mnaniamkia shikamoo!"

Akavua aproni, akaikunja kwa mistari yake, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango ambao hakuwahi kuutumia. Jioni Mama Sesilia hakutaka kuniona. Mpishi akanipitia pembeni, "Umefurahi sasa? Umemfukuza mzee wa watu." Nikaendelea kuosha glasi. Kwa maji ya moto matupu.

Siku zikapita, hakuja. Jumapili nikafunga chupa mbili kwenye kikapu, moja nzima na moja mbovu, nikaenda Kivukoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, karibu na chanja cha kukaushia samaki. Upande mmoja wa chanja samaki aina ya kitoga walikuwa wameungua wamekuwa mkaa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kazini. Kazi imehamia huku."

Nikamimina kwenye vikombe vyake vya bati, maana glasi sikubeba. Hakunyoosha mkono. "Mimi wa kazi gani? Kuonja ni pua. Ulimi unajua chumvi na sukari tu."

"Pua ninayo mimi."

"Haya, nusa. Unanuka nini huo?"

"Mzuri."

"Mzuri si harufu. Sema."

"Unanuka matunda."

"Matunda yamejaa bonde zima. Sema!"

Nikanusa tena, nikafumba macho kama nilivyomwona yeye akifanya. "Zambarau. Zilizoiva, zimeanguka chini, zimeanza kupasuka. Na nyuma yake kuna kama… sanduku la mbao lililowahi kuwekwa tumbaku."

Nilipofumbua macho, yeye alikuwa amefumba yake. "Chile," akasema polepole. "Umekaa kwenye pipa, si muda mrefu. Sema wa pili."

"Gunia."

"Gunia lipi? La mkaa? La chumvi?"

"La mpunga. Limenyeshewa, likakaushwa kivulini."

"Hicho ni kizibo. Kizibo kibovu kinaambukiza mvinyo wote. Unarudishwa kwa muuzaji, na muuzaji wa kweli habishi." Kisha akaonyesha chanja kwa kidevu. "Na hao samaki?"

"Hao hata paka atasikitika, Mzee."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu aanguke nilimsikia akicheka mpaka bega likatikisika. Nikamweleza yote: Rashidi anakuja kesho, Mama ameandaa mbuzi na sherehe, na mpishi alivyomalizia chupa mbovu kwenye mchuzi. "Sikiliza, mtu wa mlimani. Wewe una pua, huna maneno. Mimi nina maneno, sina pua. Kesho nitakuja."

Akaja kweli, siku hiyo Rashidi alipofika na sampuli zake. Mama Sesilia alimwona anaingia uani, akaacha ufagio ukaanguka.

"Karibu, Baba…"

"Sesilia, pua yangu imekufa. Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Ukanyamaza."

"Nilishindwa nianzie wapi." Machozi yalikuwa yameshafika.

"Usilie, kuna mgeni. Mbuzi wako mfungue arudi malishoni. Leo naonja na huyu. Tukichagua vibaya, nitaondoka kwa miguu yangu, na sherehe sitaki."

Tukakaa barazani. Rashidi, kijana mwungwana wa Dar, alipanga chupa mezani, akamimina. Mimi nilinusa, nikaonja, nikatema. Mzee aliuliza. Zambarau au mapera? Mapera mabichi au yaliyoiva? Unakausha fizi au ulimi? Ukimeza, unabaki au unaondoka na kukuacha mlangoni? Mimi nilijibu kwa vitu vya shamba na vya jikoni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Udongo wa mvua ya kwanza. Majivu. Ngozi ya mbuzi. Kahawa iliyokaangwa ikapitiliza.

Rashidi akavumilia, mwisho akashindwa. "Samahani wazee wangu, huu ni mvinyo au mnalima?"

"Tulia," Mzee akamwambia. "Unalipwa kumimina."

Ikafika chupa ya Hispania iliyokuwa na sifa nyingi. Nikanusa, nikasita. "Jamu," nikasema. "Jamu iliyosahauliwa motoni. Matunda hayapo tena, imebaki sukari iliyoungua."

"Kizibo kimepanda?"

Nikapitisha kidole gumba kwenye chupa ya pili yake, iliyokuwa bado haijafunguliwa. "Kimepanda."

"Umepigwa jua. Tuuache."

Rashidi akaichukua, akainusa mwenyewe, akatikisa kichwa. "Kweli. Katoni hii ilikaa nje bandarini. Nitaleta nyingine, hii siwauzii." Tangu hapo alikuwa mtu wetu, na hakuwahi kutuletea chupa ambayo yeye mwenyewe hajaigusa kizibo.

Tukachagua wa Chile kwa wanaotia soda na wasiotia. Tukachagua wa Afrika Kusini kwa nyama ya kuchoma. Tukachagua wa Ureno usiojulikana na mtu, lebo yake imebandikwa upande, bei ya chini, na ndani una kila kitu. Wa Italia tukaukataa sote wawili kwa sababu ulikuwa mchachu, na hapo tulikosea. Rashidi alituachia chupa moja bure, jioni nikainywa na kambale wa nyanya, nikagundua uchachu ule ulikuwa unangoja nyanya na mafuta. Kesho yake tukamtumia salamu atuletee. Kwa hiyo mvinyo usiuhukumu ukiwa na njaa; uhukumu ukiwa na sahani.

Mama Sesilia alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alionja tuliouchagua, mmoja baada ya mwingine. Sisi tulingoja. Mzee alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Baba," akasema Mama Sesilia, "leo usiku wageni wanakula nini, ili nijue upi nifungue?"

Mzee akajibu kwa sauti ya kazini kabisa, "Ng'ombe. Fungua wa Ureno. Na mwambie mpishi asiukaribie mchuzi wake na chupa yangu tena."

Kule jikoni sufuria ilianguka.

Tulifanya kazi hivyo miaka yote iliyobaki. Wageni wengine walidhani ni maonyesho, mzee anauliza na mwanamke anajibu, wakawa wanakuja kututazama. Sikuwakatalia, mradi wanakunywa. Alipoacha kazi aliacha mwenyewe, kwa kinywa chake, siku aliyotaka, na safari hii akakubali kupewa mbuzi. Nilimtembelea Kivukoni kila nilipopata nafasi. Akishaitikia salamu huniuliza, "Leo Kibaoni kunanuka nini?" Namwambia: mpunga mpya mashineni. Au mafuta ya treni. Au matope na maua ya miembe. Naye hufumba macho. Mpaka anaondoka duniani hajawahi kunikubalia jibu la "kuzuri."

Nanyi mnaonisoma, muwe na ukali huo. Mgeni akikuuliza mvinyo ukoje, usimwambie mzuri. Mwambie unanuka nini, unakausha wapi, unakwenda na chakula gani. Chupa za kizibo cha kuzungusha zimeingia, msizicheke, hazinuki gunia. Na msiogope lebo msizoweza kuzisoma. Mimi nyingi sikuweza.

Mwezi huu wa kwanza wa kupumzika nimekuwa nikiwapikia wajukuu. Juzi jirani alionja mboga yangu kwenye sahani ya mdogo wao, akakimbilia mtungi wa maji. Nikaionja: chumvi tupu. Na wale wote walikuwa wamekula kimya, wakubwa kwa wadogo, wakisukumia kwa maji, na kila mmoja ameshukuru.

Nikawakusanya sebuleni, nikazima redio. Nikawaambia kuanzia leo katika nyumba hii chumvi ikizidi, semeni. Nikimwita mmoja wenu kwa jina la marehemu, semeni. Nikiacha jiko linawaka, semeni. Heshima yangu naitaka yote, sijamsamehe mtu hata kidogo. Mtanipa shikamoo yangu kamili, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba muwe mmeshaniambia.